Wana Maji Huko? Safari Yangu ya Kwanza Karbala

Siku ya kuaga, mama aliniuliza swali moja tu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni anapepeta mtama, na ungo haukusimama mikononi mwake.

"Wana maji huko?"

Nikamwambia wanayo, Mto Furati unapita jirani.

"Furati ulikuwapo hata siku ile," akasema. "Nauliza kama wanatoa."

Sikuwa na jibu. Niliinama, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua, nikabeba begi langu kuelekea barabarani kusubiri basi la Dodoma. Ilikuwa Agosti 2024. Nilikuwa mwalimu wa miaka arobaini na mitatu, na sijawahi kupanda ndege.

Ikungi, kwa asiyepajua, ni mji mdogo wa kando ya barabara kuu, karibu kilomita 40 kabla ya kufika Singida mjini ukitokea Manyoni. Tangu 2012 ndiyo makao makuu ya wilaya yenye jina hilo. Zamani tulihesabiwa ndani ya Singida Vijijini. Msafiri wa basi anatujua kwa dakika chache: vijana wanaokimbilia madirishani na kuku wa kienyeji waliofungwa miguu, vitunguu, madumu ya mafuta ya alizeti, asali. Basi likiondoka, vumbi linatua, na unaanza kusikia vitu ambavyo mjini havisikiki. Unasikia upepo ukipita kwenye majabali. Unasikia jogoo wa nyumba ya tatu. Jioni mtu akikohoa ng'ambo ya shamba, unamjua ni nani.

Agosti kwetu mvua imeshasahaulika. Tunapata msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, kisha nchi inakauka. Mashine za kukamua alizeti zinanguruma mchana, harufu ya mashudu inatanda, na mito inabaki mchanga mtupu. Wanawake wanachimba mchanga huo kwa mikono na jembe, kimo cha kiuno, wakati mwingine kimo cha mtu. Halafu wanakaa ukingoni wanasubiri. Maji yanachuruzika taratibu, mtu anayachota kwa kata, kata moja baada ya nyingine, hata ndoo ijae. Nimemsubiri mama kwenye shimo la namna hiyo tangu sijaanza shule. Aliyekulia hapo hamwagi maji yaliyobaki kikombeni bila kuangalia kwanza kama kuna kuku au mche wa kupewa.

Watu huniuliza imekuwaje Mnyaturu wa Ikungi akawa Shia. Ni habari ya baba. Ujanani alikuwa karani katika duka la mfanyabiashara wa Kikhoja, Singida mjini. Makhoja Ithnaasheri walisambaa na maduka yao mpaka bara, na waliifuata dini yao kimyakimya. Mwaka 1964 shirikisho la jamaa zao za Afrika lilikutana Tanga, na hapo ndipo lilipozaliwa wazo la Bilal Muslim Mission, kuwafikia Waafrika wenyewe. Aliyelisukuma wazo hilo ni Sayyid Saeed Akhtar Rizvi, mwanachuoni aliyetoka India akafikia Lindi mwishoni mwa 1959, akajifunza Kiswahili akakiandikia vitabu, na akafariki Dar es Salaam mwaka 2002. Jarida lao, Sauti ya Bilal, lilimfikia baba dukani. Alilisoma akikaa juu ya magunia ya sukari, mwenyewe alivyokuwa akisimulia, na alipokuja kuoa alikuwa ameshaamua.

Alikuwa na kipande cha udongo wa Karbala, turba, ukubwa wa sarafu, amekifunga kwenye leso nyeupe. Alisujudia kipande hicho miaka thelathini mpaka kikawa laini kama kokwa la ukwaju. Kwenda kwenyewe hakwenda. Fedha haikuwapo, na hata kama ingekuwapo, njia ilikuwa na askari. Februari 1977 serikali ya Baath ya Iraki ilipeleka jeshi kuwazuia waliokuwa wakitembea kwa miguu kwenda Karbala, watu wakauawa, wakakamatwa, na matembezi yakabaki ya kujificha mashambani hadi utawala huo ulipoanguka mwaka 2003. Baba alifariki akiwa bado anasema "mwakani."

Waswahili hawana haja ya kufundishwa arubaini ni nini. Mwislamu, Mkristo, asiye na dini, wote tunajua kwamba marehemu akifikisha siku arobaini watu hukusanyika tena, hupika, husoma dua, na wafiwa huruhusiwa kurudi kwenye maisha. Imamu Husein, mjukuu wa Mtume, aliuawa Karbala tarehe 10 Muharramu mwaka 61 Hijria, Oktoba 680, pamoja na watu wake wanaotajwa kuwa sabini na wawili. Arubaini yake ni tarehe 20 Safar. Matanga hayo yanafanywa mpaka leo, na mimi nilikuwa nakwenda matangani.

Dodoma nilipanda treni mpya ya SGR, iliyokuwa imezinduliwa rasmi tarehe 1 mwezi huohuo, nikafika Dar es Salaam mchana nikiwa bado nashangaa. Kule nikaungana na kafila yetu, kundi la watu wa ziara. Tukaruka usiku hadi Dubai, na kutoka Dubai hadi Najaf, ambako matembezi yanaanzia. Juu ya ndege sina la kusimulia. Nilifumba macho na kushika leso ya baba mfukoni.

Mlango wa ndege ulipofunguliwa Najaf, nilidhani injini ndiyo inayopuliza joto. Kumbe ni hewa. Na saa bado ni za asubuhi. Halafu kelele. Honi, vipaza sauti, ngoma za maombolezo, wauzaji, watoto, lugha nisizozijua, na bendera nyeusi, nyekundu na kijani kila nguzo. Kwetu penye kelele kuna sherehe au kuna hatari. Siku ya kwanza mwili wangu haukujua upi kati ya hayo mawili uuchague, nikawa natembea nimekaza mabega kama mtu anayengojea kupigwa.

Kuba la dhahabu la Imamu Ali, baba yake Husein, unaliona toka mbali, na ukiingia uani unakuta watu wamelala, wanakula, wananyonyesha, wanasoma, wanalia, kila mmoja kama yuko kwao. Hilo lilinipendeza kuliko dhahabu yenyewe. Mwenyeji wetu alikuwa kijana wa Kitanzania anayesoma hawza, chuo cha dini ambacho asili yake inarudi kwa Sheikh Tusi aliyehamia Najaf karne ya 11. Alinipokea kwa "Shikamoo, mwalimu," na neno hilo, katikati ya Kiarabu chote kile, lilinishusha mabega.

Alitupeleka Wadi us-Salaam, Bonde la Amani, makaburi makubwa kuliko yote duniani. Watu huyahesabu kwa mamilioni. Nilisimama pale nikaangalia: makaburi ya matofali na saruji, yamebanana, yamepandana, na picha za marehemu, wengi wao vijana wa vita, mpaka macho yanachoka. Ikungi baba amelala chini ya mkungugu, na jirani yake wa karibu kaburini yuko hatua ishirini. Nilifikiri ningemwonea huruma kwa kuwa mbali na bonde hili alilolitamani. Sikumwonea. Pale alipo, mtu akija kumwombea anasikia anachosema.

Kijana akatuonyesha pia, katika barabara ya Rasul, kichochoro chenye nyumba ya kupanga anamoishi Ayatullah Sistani, kiongozi wetu wa dini. Machi 2021 Papa Fransisko alipita kichochoro hicho kwa miguu kwenda kumwona. Niliguswa, maana Ikungi nusu ya majirani zangu ni Wakatoliki, na siku ile walinipigia simu kuniambia, "Mwalimu, baba yetu yuko kwa baba yenu." Nyumba yenyewe ni ya kawaida kabisa. Nimeona nyumba za watu wasio na jina zilizo kubwa kuliko hiyo.

Kutoka Najaf hadi Karbala ni kama kilomita 80. Barabara ina nguzo zenye namba, kila moja mita 50 kutoka mwenzake, na ya mwisho ni 1,452. Watu wanaagana kwa namba: "Tukutane 300." Tulitembea siku tatu, yule kijana akiwa nasi, zaidi usiku, kwa sababu mchana joto la lami linapenya soli. Pembeni mwa njia yote, bila pengo, kuna maukibu: mahema na vibanda ambamo wananchi wa Iraki wanapokea wageni. Hakuna anayelipa. Wali, kima ya dengu na nyama inayopikwa kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea humo, mikate inayotoka tanuri wakati huohuo, tende, chai nyeusi kwenye vibilauri vidogo, sukari nusu ya kibilauri. Magodoro ya kulala. Fundi wa kushona viatu. Daktari. Wenye nyumba wanasimama katikati ya barabara wametandaza mikono, wanakuzuia usipite, wanakuapia kwa Husein uingie kwao.

Na maji. Vikombe vya plastiki vilivyofungwa, vya baridi, kila hatua kumi. Watoto wa miaka mitano wamevibeba kwenye sinia juu ya vichwa, wanakusihi uchukue, na ukipita bila kuchukua wanakufuata. Mwanzo nilichukua kila nilichopewa, maana kwetu maji hayakataliwi. Kufika nguzo ya 60 mifuko yangu yote imejaa vikombe.

Nguzo ya 486 naikumbuka. Ilikuwa baada ya magharibi, malengelenge yamenipasuka mguu wa kushoto, nikakaa kwenye kiti cha maukibu moja ya familia. Mzee wa miaka sabini hivi, mwenye kanzu iliyofifia, alikuja na beseni, akakaa chini mbele yangu, akaanza kunivua kandambili.

Mimi nimelelewa kwamba mdogo ndiye anayemnawisha mkubwa. Unashika birika mkono wa kulia na beseni mkono wa kushoto, unapiga goti, unaanza na mgeni, kisha babu, kisha baba, na maji unayamimina kidogokidogo, maana hayatoshi kumwagwa. Mzee kukaa chini kukuosha wewe miguu, kwetu ni laana unajitafutia. Nikauvuta mguu. Akaushika. Nikauvuta tena.

"Mwalimu, mwachie," yule kijana akaniambia. "Ukimkatalia utamvunja moyo. Amengoja mwaka mzima."

Nikamwachia. Alikuwa na viganja vigumu vya mkulima, navijua viganja hivyo. Akauliza natoka wapi. Tanzania. Akauliza Tanzania ya wapi, mjini au shamba. Kijana akamwambia shamba. Akauliza kuna mto? Nikasema upo, lakini unatiririka miezi michache. Iliyobaki tunachimba mchanga. Kijana alipotafsiri, mzee aliacha kuosha. Akaanza kueleza, na kijana akawa ananigeuzia kipande kwa kipande. Yeye ni mkulima wa mpunga, ule mchele wa ambari wenye harufu nzuri unaolimwa mikoa ya Najaf na Diwania. Furati umepungua. Mabwawa yamejengwa juu, Uturuki na Syria, na mvua hazinyeshi kama zamani. Mwaka 2023 serikali ya Iraki ilipiga marufuku kupanda mpunga, isipokuwa maeneo machache, ili maji ya kunywa yasiishe. Mfereji wa shamba lake ulikuwa umekauka mara mbili. Maji ya maukibu ile aliyanunua kwa lori.

Nikamwambia kijana, mwambie mama yangu aliniuliza kama mna maji, na kama mnatoa.

Kijana akamwambia. Mzee aliinamisha kichwa juu ya beseni, na kwa muda hakusema kitu. Mabega yake yakawa yanatikisika. Kisha akachota maji kwa kiganja, akayamimina juu ya unyayo wangu pale palipochubuka, polepole, kama yule anayejua bei yake. Hapo ndipo nilipolia. Nilimlilia baba, nililia nilivyokuwa sijalia siku ya kumzika, katikati ya vipaza sauti na maelfu ya watu wanaopita, na hakuna aliyegeuka kunishangaa, kwa kuwa kila mtu alikuwa na lake.

Karbala yenyewe tuliingia usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Siwezi kuieleza idadi ya watu kwa macho yangu; macho yaliona migongo tu. Ofisi ya haram, yaani jengo la kaburi, ya Abbas, nduguye Husein, huhesabu kwa mitambo, na mwaka ule ilitangaza watu 21,480,525. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Chukua zaidi ya theluthi moja ya nchi nzima, uiweke kwenye mji mmoja kwa siku chache. Katikati ya haram mbili, ya Husein na ya Abbas, kuna uwanja mrefu wa marumaru wenye mitende pembeni, na hapo makundi yanapita yakijipiga vifua, kundi baada ya kundi, usiku na mchana.

Nitasema ukweli, kwa kuwa msomaji anayetaka kwenda anastahili kuujua. Ndani ya haram ya Husein sikulia, na sikuomba hata nusu ya niliyotumwa. Nilibebwa na watu. Miguu ilikuwa haigusi chini. Niliiona zarihi, ule wavu wa fedha na dhahabu unaozunguka kaburi, kwa umbali wa mikono mitatu, kisha wimbi likanitoa mlango mwingine bila viatu. Nje barabara zilikuwa zimefunikwa na vikombe vya plastiki mpaka kifundo cha mguu, na vijana wa kujitolea wakifagia hawaimalizi. Mtu aliyezoea kuomba mahali ambapo sauti pekee ni upepo atapata tabu. Mimi nilipata tabu. Nilitamani ukimya wa Ikungi kama mtu anavyotamani chakula cha kwao.

Kwa Abbas ilikuwa afadhali. Nilifika alfajiri, wengi wamelala sakafuni. Abbas ndiye aliyebeba kiriba kwenda mtoni kuwatekea watoto wa kambi ya Husein, maji yakiwa yamezuiwa tangu tarehe 7 Muharramu. Alikijaza. Inasimuliwa kwamba alishika maji kiganjani akayakumbuka makoo ya wale watoto, akayamwaga bila kunywa. Njiani akakatwa mikono, na kiriba kikatobolewa kwa mshale. Nimeisikia habari hiyo kila mwaka wa maisha yangu, na kila mara nimemwona akiwa na sura ya mtu wa kwetu anayepanda kutoka mtoni na ndoo. Nilimwombea mama pale. Nikamtaja pia Jaun, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa Abu Dharr, sahaba wa Mtume, kabla ya kuachwa huru, ambaye Husein alimruhusu aondoke salama na yeye akakataa, akafa pamoja nao. Ni jina ambalo baba alikuwa akilitaja kwa fahari, akisema sisi hatukualikwa Karbala juzi.

Nilirudi Ikungi mwanzoni mwa Septemba, jua linazama. Basi likaondoka, vumbi likatua, nikasimama kidogo barabarani nikisikiliza. Mbwa mmoja. Upepo. Nyumbani mama alikuwa kwenye kigoda chake, na kabla sijakaa akaagiza niletewe maji ya kunawa. Mpwa wangu akaja na birika na beseni. Nilimpokea birika, nikapiga goti mbele ya mama, nikamwosha miguu. Alishtuka, akataka kuinuka, nikamshika kama yule mzee alivyonishika.

"Wana maji?" akauliza, miguu bado ndani ya beseni.

"Wana machache, mama. Wanatoa yote."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa sisi?"

Basi Agosti 2025, siku ya Arubaini, tuliweka meza chini ya mti kando ya barabara, upande wanaosimama wanaosubiri mabasi. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wanne kati yao majirani zetu Wakatoliki. Tulikuwa na madumu sita ya lita 20 yaliyochotwa usiku, mtungi mmoja wa mama, na vikombe vya bati ishirini vya kusuuzwa, kwa kuwa vya plastiki niliona kule vinavyoifanya barabara. Waendesha bodaboda walisimama, wauza kuku wakasimama, abiria wakashuka wakidhani tunauza. Kufika saa saba mchana maji yalikwisha.

Mwaka huu tutakuwa palepale. Ukipita Ikungi siku hiyo, shuka unywe.